Tabo ya Suweid na Kilima cha Ijumaa

—Riali mia tatu na themanini, Khasib! Riali, si baisa!

—Nimesikia mara ya kwanza.

—Sikia na ya pili. Mia tatu na themanini nimekuwekea mkononi, nikazihesabu mbele ya hawa wote, ili unifungie tabo kwenye injini. Na Ijumaa gari limenifia katikati ya kilima, watu wa Bidiya wote wanatazama!

—Tabo yangu haina kosa.

—Basi kosa la nani? La mchanga?

Yalikuwa yakisemwa hayo saa mbili za asubuhi, juu ya benchi lililotokana na kiti cha nyuma cha lori, mbele ya gereji ya Khasib, pale lami inapokoma na mchanga unapoanza. Kila anayekalia benchi hilo ana jina lake la hapo hapo. Khasib wanamwita Injinia, na wanamwita hivyo kwa kumkejeli, maana aliacha shule darasa la sita na kila anachokijua amekijua kwa kufungua, kuvunja, na kufunga tena. Suweid, muuza majani ya ngamia, ni Kishindo, kwa sababu bomba la moshi la gari lake huamsha mtaa mzima kabla ya mwadhini. Mzee Saif ni Brigedia. Miaka ishirini jeshini aliendesha gari la maji, wala hajapata kumwamrisha hata mbuzi. Wa nne ni Muhenna, msonga halua, naye anaitwa Halua, hawakujisumbua zaidi. Dele ya kahawa ilikuwa katikati yao, sahani ya tende pembeni, na gari jeupe la Suweid limeegeshwa hatua tatu mbele ya benchi, limewapa mgongo, bomba lake la moshi linawatazama magotini.

Khasib alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa mbaya zaidi kwa kuwa alijikasirikia mwenyewe. Hakuna aliyemwomba aape. Suweid alipolipa, aliuliza tu, kama mteja yeyote, "Itapanda?" Fundi mwingine angesema inshallah akanyamaza. Khasib akasimama juu ya benchi, kwa viatu, akaapa mbele ya watu kwamba gari hilo likishindwa kupanda kilima kikubwa cha mchanga, kile cha mashindano ya Ijumaa, kwa nguvu ya tabo yake, atarudisha hadi baisa ya mwisho, kwa sababu yeye ni mtu wa haki na hana njia mbili. Pesa zenyewe alizinunulia mashine ya kulehemu. Jana alasiri ameirudisha dukani kwa hasara ya riali arobaini, akakopa arobaini kwa mkewe, ambaye alimhesabia noti moja moja. Sasa mia tatu na themanini zilikuwa katika mfuko wa kifuani mwa kanzu yake. Akizitoa, mashine imekwenda, na jina nalo limekwenda. Nani ataleta gari kwa fundi aliyerudisha pesa?

—Mzee Brigedia, mimina kahawa, akasema Halua. Watu wakigombana kavu wanaumizana.

Brigedia akashika dele kwa mkono wa kushoto, akamimina. Kahawa ikatoka chururu, nyembamba kama uzi, kwa sababu mdomo wa dele ulikuwa umetiwa kumbi la mtende ili kuzuia machicha.

—Tuanze mwanzo, akasema Khasib. Jumamosi nilipokupa gari, lilikuwaje?

—Jumamosi? Suweid akapoa kidogo. Wallahi, Jumamosi lilikuwa simba. Nilikanyaga mafuta pale kwenye njia ya Ibra, kofia ikahamia kiti cha nyuma. Geji ya tabo ikapanda mpaka pauni kumi na nne.

—Umesikia, Brigedia? Kumi na nne!

—Na Ijumaa ikakomea sita! Sita, Khasib! Nimekanyaga mpaka kiatu kinataka kutokea chini. Gari linanguruma kwa ndani kama mtu mwenye mafua, halipandi. Shemeji yangu na kile kigari chake cha mwaka wa tembo, hakina tabo, hakina chochote, amenipita anakula tende. Alinitupia kokwa!

—Kokwa ilikupata? akauliza Halua.

—Ilipata kioo.

—Na ulipofungua boneti, injini ilikuwaje? akauliza Khasib.

—Lile bomba la mbele ya tabo lilikuwa jekundu. Jekundu kama kaa la kuchomea mishikaki.

Khasib akakuna ndevu. Hilo hakulipenda.

—Haya. Jumamosi simba, Ijumaa punda. Katikati hapo ulifanya nini na gari?

—Sikufanya kitu. Jumapili nilipeleka majani. Jumatatu nilikwenda ukaguzi wa mwaka, likapita, mkaguzi akalisifu, akasema gari lako lina mlio wa adabu. Halafu nikaja hapa tukanywa kahawa, tukabishana habari ya ngamia wa Brigedia mpaka adhuhuri. Jumanne mpaka Alhamisi nilikuwa mgonjwa. Ijumaa kilimani.

—Basi hakuna kilichotokea.

—Hakuna, akakubali Suweid.

—Hakuna, akasema na Brigedia. Tulikunywa kahawa tu.

Halua akafuta vidole kwenye kitambaa. Alikuwa amengoja zamu yake tangu alfajiri.

—Mimi nitawaambieni, na msinicheke. Gari hili halina msukumo wa nyuma.

—Halina nini?

—Msukumo wa nyuma. Moshi unatoka ovyo. Nyama unaipika vipi iive upesi? Kwenye sufuria ya presha. Unafunika, unakaza, pumzi haitoki, nguvu inarundikana ndani. Sasa wewe Injinia umemtilia bomba pana la moshi, mtoto anaweza kutambaa ndani yake. Nguvu yote inakimbia nyuma. Injini inataka kuzuiwa pumzi kidogo. Kidogo tu!

Khasib akacheka kicheko cha pua.

—Halua, rudi kwenye sufuria zako.

—Jibu hoja, yakhe.

—Nitajibu. Tabo ni nini? Ni gurudumu. Moshi unatoka kwenye injini una moto na una haraka, unalipiga gurudumu, linazunguka. Gurudumu la pili, ndugu yake wa ekseli moja, linavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Umefahamu?

—Nimefahamu.

—Sasa moshi ukishapiga gurudumu, ukishamaliza kazi, unataka nini?

—Unataka kwenda zake.

—Basi upishe! Ukiuziba nyuma, unasimama pale nyuma ya gurudumu kama mtu aliyezuia mlango. Gurudumu linasukumwa huku na linazuiwa huku. Linazunguka kivivu, hewa haingii, geji haipandi. Moshi mkongwe unabaki ndani ya silinda, umekalia nafasi ya hewa mpya, na joto linapanda mpaka chuma kinakuwa chekundu. Sufuria yako inataka mfuniko. Tabo inataka njia!

Alikuwa amesema kweli tupu, na alijua amesema kweli, na hapo ndipo alipoharibika. Khasib akiwa na kweli mkononi hawezi kuiweka chini taratibu.

—Mnataka kuona kwa macho? Lete dele.

—Acha dele, akasema Brigedia.

—Lete! Angalieni. Namimina. Mnaona inavyotoka? Chururu, chururu, mpaka mgeni anazeeka. Kwa nini? Kahawa haina nguvu? Dele mbovu? La! Kuna kumbi mdomoni. Sasa natoa kumbi.

Akaingiza kidole, akalichomoa lile kumbi, akainamisha dele kwa nguvu ile ile. Kahawa ikatoka kama imeitwa. Ikapita finjani, ikapita sahani ya tende, ikamwangukia Brigedia mapajani.

—Yallah! Yallah! Kanzu yangu ya Ijumaa!

—Leo Jumapili, mzee.

—Nilikuwa naifanyia akiba!

—Mmeona lakini? akasema Khasib, dele tupu mkononi, uso unang'aa. Mmeona njia ikiwa wazi?

—Tumeona kahawa imekwisha, akasema Suweid. Pesa zangu bado.

Brigedia akasimama, akajikung'uta, akakaa tena kwenye upande mkavu. Mtu aliyemwagiwa kahawa ana haki ya kusikilizwa, naye aliitumia.

—Nyote mmekosea. Ni upepo. Ijumaa ulivuma upepo wa magharibi, na kilima kile unakipanda ukielekea mashariki. Bomba la moshi lilikuwa linautazama upepo mdomo wazi. Upepo umeingia, umesukuma moshi ukarudi ndani. Jeshini tulilijua jambo hili. Gari la maji nililipanda mlima kinyumenyume, siku nzima, kwa ajili ya upepo.

—Ulipanda kinyumenyume kwa sababu gia ya kwanza ilikufa, akasema Halua. Umetusimulia mwenyewe.

—Ilikufa kwa ajili ya upepo!

—Mzee, upepo gani wa kuzidi nguvu za moshi wa silinda sita?

—Upepo ulionipeperushia kilemba mpaka Sur.

—Mimi nasema ni jicho, akasema Suweid ghafla. Shemeji yangu Jumatano alikuja kunijulia hali. Akalizunguka gari mara tatu. Hakusema mashallah hata moja. Na ninyi mmesahau jambo moja: gari limenyamaza! Mimi ndiye Kishindo. Tangu wiki iliyopita jirani zangu wananiuliza kama nimeuza gari. Lile si jicho? Limelikaba koo!

—Hilo si jicho, akasema Khasib, nimekwambia tangu siku ya kwanza. Tabo inakula mlio. Moshi ukipita kwenye gurudumu unatoka umepoa na umetulia.

—Umetulia hivyo? Nikiliwasha asubuhi nasikia saa ya ukutani.

—Tabo nzuri inakula mlio mwingi.

Akalisema hilo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ndani ya kichwa chake kitu kilikuwa kimesogea, kidogo, kama bolti iliyolegea, akakipiga teke kikanyamaza. Hakuwa na nafasi ya kufikiri. Alikuwa na nafasi ya kushinda tu.

Halua akarejea kwenye sufuria yake.

—Bado nasema jaribuni dawa yangu, haina gharama. Chukueni kipande cha bomba jembamba, chenye tundu kama kidole gumba hivi, mkipachike mwishoni mwa bomba la moshi. Pumzi izuiwe. Halafu twendeni kilimani, muone.

—Tundu la kidole gumba? Kwenye gari la tabo? Khasib akasimama. Halua, sikiliza vizuri na hawa wawe mashahidi. Nionyeshe mjinga anayeziba bomba la gari la tabo, nimchape kofi hapa hapa mbele ya watu. Nimchape! Hata akiwa mtoto wa ami yangu!

—Sawasawa, Injinia. Tumeshuhudia.

—Basi kama si kuziba, si upepo, si jicho, akauliza Suweid, ni nini? Wewe fundi. Sema.

Wote wakamtazama. Hapo mtu wa haki, asiye na njia mbili, alitakiwa aseme: sijui, nitalifungua gari nitazame. Maneno manne tu. Lakini alikuwa amekwisha kusimama, na mtu akiwa amesimama mbele ya benchi hawezi kusema sijui akakaa.

—Ni hewa ya juu, akasema.

—Hewa ya juu ipi?

—Kilimani, kule juu. Ukipanda sana hewa inakuwa nyepesi. Tabo inavuta, haipati cha kuvuta. Marubani wanalijua jambo hili.

—Kilima kina urefu gani?

—Mita mia moja. Na kimeongezeka tangu Ramadhani, mchanga umehama.

—Mimi nimekaa ghorofa ya sita Maskati miaka minne, akasema Halua. Sikupata kukosa hewa. Nilikosa lifti tu.

—Wewe huna tabo!

Brigedia akacheka mpaka akakohoa, akasahau kanzu yake. Suweid hakucheka. Akafungua kiganja chake juu ya benchi.

—Khasib, mimi si mtu wa maneno. Uliapa, sikukuapisha. Gari halikupanda. Leta.

Khasib akatia mkono katika mfuko wa kifuani. Akazitoa noti zote pamoja, akazibwaga juu ya benchi, ndani ya kahawa iliyomwagika.

—Hizo hapo! Mia tatu na themanini! Asije mtu akasema Khasib amekula haki yake!

Noti zikaanza kunywa kahawa. Hakuna aliyezigusa. Suweid mwenyewe aliyekuwa akizidai alizitazama kama mtu aliyeletewa chakula cha wagonjwa, maana zikishaokotwa, benchi hilo halitakuwa na fundi tena, na yeye hatakuwa na tabo wala pa kunywea kahawa.

Hapo ukaja mngurumo kutoka upande wa mitende. Uliwafikia kabla ya gari lenyewe, ukatikisa finjani. Pikapu kuukuu ya buluu ikatokea, ikasimama pembeni ya gereji, ikanyamaza kwa mkoromo. Akashuka Mama Nasra, mjane wa Humaid mlehemu, funguo mkononi, mtandio umekazwa kama mtu mwenye safari. Wanaume wakainuka wote. Brigedia akajiziba mapaja kwa sahani ya tende.

—Salaam alaykum.

—Wa alaykum salaam, Mama Nasra. Karibu kahawa.

—Kahawa iko wapi? akauliza, akiitazama dele.

—Imekwisha, akasema Halua. Injinia ametufundisha.

—Sikai. Nina ukaguzi saa nne, na gari langu mmelisikia. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Kizibo kiko kwa nani?

Hakuna asiyekijua kizibo. Marehemu Humaid alikitengeneza kwa kipande cha bomba la maji, urefu wa shibiri moja, tundu lake kama kidole gumba. Kila mwenye gari la makelele, siku yake ya ukaguzi ikifika, hukiazima nyumbani kwa Humaid, hukipachika ndani ya bomba la moshi na kukikaza kwa bolti moja, gari likanong'ona mbele ya mkaguzi kama bibi harusi. Jioni hukitoa na kukirudisha pamoja na kikapu cha tende. Kodi hakina, na kwa miaka kumi na moja hakijapata kupotea.

—Kilitoka kwangu Jumatatu alfajiri, akaendelea Mama Nasra. Nilifungua mlango, wamesimama wawili gizani wanabishana, nikakitoa nikarudi kuswali. Sikutazama nani. Kiko kwa nani?

Suweid akamtazama Khasib, naye Khasib akatazama chini. Brigedia, ambaye hakuhusika na lolote, alianza kula tende kwa haraka.

Bomba la moshi la gari jeupe lilikuwa hatua tatu mbele yao, linawatazama magotini, kama lilivyowatazama asubuhi nzima.

Khasib akaenda akachuchumaa. Akaingiza kidole. Kikapita inchi moja, inchi mbili, kikagonga ukingo wa chuma. Katikati ya chuma hicho, tundu. Kidole gumba chake kikaenea sawasawa. Na pembeni ya ukingo akapapasa kitu kingine, kijinundu laini, akakumbuka yote kwa mara moja. Jumatatu asubuhi, mashine mpya ya kulehemu imetoka kwenye boksi, Suweid anatazama, na yeye Khasib anasema bolti ya nini, ngoja uone kazi, akagusa nukta moja tu. Moja, kwa kujionyesha. Nitaitoa jioni kwa tupa, alisema. Halafu, baada ya ukaguzi, wakakaa kunywa kahawa, ukaja ubishi wa ngamia.

Akabaki amechuchumaa, kidole ndani, mgongo kwa watu.

—Injinia, akasema Halua taratibu, yule mjinga uliyesema utamchapa...

—Nimesikia.

—Ungependa shavu lipi?

Khasib akainuka. Alikuwa na maneno manne matano tayari mdomoni: kwamba Suweid angekumbusha, kwamba gari si lake, kwamba ngamia wa Brigedia ndiye chanzo. Akayameza yote, na yalikuwa na ladha ya moshi.

—Kimo humu, akasema. Mimi nimekitia, mimi nimekilehemu, na mimi nimekisahau. Tabo haina kosa.

Suweid naye alikuwa amekaa na gari lililonyamaza siku sita, akimlaumu shemeji yake. Akaweka kidole kimoja juu ya zile noti zilizolowa, akazisukuma polepole juu ya benchi mpaka zikamfikia Khasib.

—Uliapa tabo ikishindwa, akasema. Haikushindwa tabo.

Khasib akazichukua. Akabandua noti moja ya riali ishirini, kahawa inamtiririka kwenye kiwiko, akairudisha upande wa pili.

—Ya petroli ya Ijumaa.

—Na kokwa ya shemeji?

—Kokwa mtadaiana wenyewe kilimani.

—Nitaipeleka leo mashine dukani nikaichukue tena, akaanza Khasib kumweleza Mama Nasra, akababaika, namaanisha nitakwenda dukani, nirudi na mashine, halafu nitafute tupa, nikate ile nukta, maana nilikilehemu, unajua, kwa usalama zaidi, ili kisidondoke njiani, na ukitazama kwa upande wa msukumo wa nyuma...

Mama Nasra alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu.

—Saa tatu kasoro robo sasa, akasema. Nipe kizibo changu. Na kikapu changu cha tende.